Pumba na Mashudu

Mifupa ya mgongo wa nguruwe jike ilichomoza kama fito za paa lililoezuliwa. Ubavuni mwake vitoto vilisukumana, kila kimoja kikivuta chuchu iliyolegea, kikiiachia, kikihamia nyingine. Mke wa fundi mitambo aliegemea mlango wa banda, ndoo tupu mkononi, akavitazama mpaka macho yakamwuma. Kimoja kilikuwa kimekufa asubuhi hiyo. Alikizika nyuma ya choo bila kumwambia mtu, maana hata kusema ni kazi.

Mvivu hakuwa. Kila kulipokucha alimgeuza na kumwosha mama mkwe aliyelala hoi, akamnyonyesha mwanawe, akawatoa wakubwa kwenda shule, ndipo akashika njia ya bandani. Pumba za mahindi alizibeba kichwani kutoka kinu cha unga, na hori halikukaa tupu hata siku moja. Kwa hiyo daktari wa mifugo alipofika mchana na kuuliza jike anakula nini, alimjibu kwa fahari kidogo kwamba anakula mpaka anasaza.

Daktari, mwanamke mtu mzima asiye na haraka ya maneno, alichota pumba kiganjani, akazipuliza. Akasema hazina ubaya, zinashibisha na kutia nguvu. Lakini kujaa tumbo ni jambo moja, kujenga mwili ni jingine. Anayenyonyesha hawezi kuishi kwa pumba tupu. Amchanganyie mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, na soya iliyokaangwa akiipata, pamoja na chokaa ya mifugo na chumvi kidogo. Machicha ya kiwanda cha bia yangefaa pia, mradi yawe mabichi. Yakishaoza yasikaribie hori.

"Lakini maziwa alikuwa nayo, daktari. Mwanzoni yalikuwa yakimwagika."

"Aliyatoa mwilini mwake, mama. Asichokipata horini alikichota kwake mwenyewe. Sasa hana tena pa kuchota."

Alimsindikiza mgeni mpaka njiani, akarudi, akampigia mumewe simu kumwagiza mashudu, kisha akasimama uani kitambo, kana kwamba amesahau alikuwa akienda wapi.

Jioni mumewe alirudi kutoka kwenye kinu cha mafuta anakofanya kazi, gunia la mashudu begani, akitania kwamba leo nguruwe watanukia kuliko yeye. Wakachanganya pamoja. Jike alitia pua, akapiga chafya, akaanza kula polepole. Vitoto viwili vilikuwa bado havisimami sawasawa, na hakuna aliyejua kama vitaamka.

Jikoni mke akapakua kama kawaida: sahani ya mume, za watoto, bakuli la mama mkwe. Kilichobaki ni ukoko, ambao kwa miezi mingi ameukwangua na kuula akiwa wima, mtoto mgongoni. Mwiko ukamganda mkononi. Kisha akarudisha maharage yote chunguni, akachukua sahani safi, akajipakulia yale mazito ya chini. Akaketi.

Mama mkwe akaita kutoka chumbani.

"Naja, mama," alisema. "Nakula kwanza."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Akaitazama sahani, akautazama mkono wa mkewe ulivyokonda. Akampita, akaingia chumbani, na mkewe akamsikia akimwuliza mama yake, kwa sauti ya mtu mgeni, kitambaa cha kumwoshea huwekwa wapi.