Nywele Hamsini za Chapuchapu

"Siku kumi usiguse," daktari alimwambia. "Usikune, usisugue, usipapase. Hata inzi akitua, mpungie tu mkono."

Ni rahisi kumwambia hivyo karani, au mtu anayeuza viatu. Lakini huyu alikuwa msusi. Vidole vyake vilikuwa vimeingia katika vichwa vya watu kwa miaka kumi na tisa, na kwa kasi iliyomfanya apewe jina la Chapuchapu hata wateja wakasahau kwamba ana jina jingine. Alikuwa anamaliza kichwa kizima wakati msusi wa jirani bado anauliza kitana kiko wapi. Akikosa mteja, vidole havikulala: vilisuka pindo la taulo, vilisuka nyuzi za pazia, na paka wa jirani alishajifunza kutopita karibu.

Kichwa chake mwenyewe sasa, hicho hakuna aliyewahi kukiona. Alifunga kilemba kabla ya kufungua mlango asubuhi, akakifungua baada ya kuufunga jioni. "Dada, mbona wewe husuki?" wateja walimuuliza. Naye alicheka na kuwajibu kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hiyo imewasitiri wengi. Chini ya kilemba, pale utosini, palikuwa na kovu la ukubwa wa kiganja cha mtoto, gumu, linang'aa, halina hata unywele mmoja. Alilipata akiwa na miaka tisa. Ukimuuliza, atakwambia ni maji ya moto. Ukimuuliza mama yake, ambaye waliishi naye nyumba moja, naye atakwambia ni maji ya moto. Miaka ishirini na tisa walikuwa wakisema hivyo kwa watu, na wao kwa wao hawakuwahi kuligusia.

Daktari wa kupandikiza nywele hakutaka kulijaza kovu kwa pupa. Alisema kovu lina damu kidogo, na nywele ni kama mche, haushiki mahali pakavu. Kwa hiyo alitoa nywele hamsini kisogoni, kila moja na mzizi wake, akazipanda katikati ya kovu kwa majaribio, mistari mitano ya nywele kumi kumi.

"Baada ya miezi mitano nitazihesabu," alisema. "Zikishika thelathini, tunajaza kovu lote. Zikipungua hapo, sitakudanganya, tutakuwa tunapanda juu ya jiwe. Na kisogo chako si shamba lisiloisha. Sitajaribu mara ya pili."

Chapuchapu alitaka zishike. Hakuwahi kutaka kitu namna hiyo. Alitaka kukaa kwenye kiti cha saluni yake, mbele ya kioo chake, mtu mwingine awe nyuma yake anamsuka na kumpigia porojo. Atakayeliona hilo kuwa jambo dogo na afunge kilemba kwenye joto miaka ishirini na tisa, kisha aje tuzungumze.

Siku tano za kwanza alizimudu. Siku ya sita kovu likaanza kuwasha, na si kuwasha kwa kawaida. Palikuwa panatambaa, panachoma, panatulia kidogo ili pamwongopee, kisha panaanza upya. Alipigapiga miguu chini. Alikunywa maji. Alikwenda mlangoni, akarudi, akasahau alichokifuata mlangoni.

Kwenye kiti alikuwepo mwalimu wa chekechea, mteja wake wa kila mwezi, mwanamke mpole ambaye nywele za pembeni mwa paji la uso zilikuwa zimerudi nyuma mpaka zimekutana na masikio.

"Dada, hizi za mbele zitarudi kweli?"

"Zitarudi, mwalimu. Zipe muda."

Jibu hilo alimpa kila mwezi kwa miaka mitatu, na halikumgharimu hata pumzi. Macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha mwalimu, akipima mstari upite wapi. Kitana, kile chenye mkia mrefu mwembamba wa kugawia nywele, alikuwa amekichomeka kwenye kilemba kama kawaida yake, kwa sababu msusi akihitaji mikono yote miwili hukichomeka kitana kichwani, na akiwashwa hujikunia mkia wake. Hafikirii. Mkono unajua wenyewe. Mkono wake ukapanda, ukashika kitana, ukausukuma mkia ndani ya kilemba na kuuvuta taratibu kutoka mbele hadi nyuma.

Lo, raha aliyoisikia! Alifumba macho. Alipoyafumbua akajiona kwenye kioo, mkono juu ya kichwa.

Alichomoa kitana. Kwenye mkia wake, katika umajimaji mwekundu, zilikuwa zimeganda nywele nne fupi, kila moja na kichwa cheupe.

"Vipi dada?" mwalimu akauliza.

"Hamna kitu." Akakifuta kitana kwa taulo. Siku hiyo mistari ya mwalimu ilitoka imepinda, na Chapuchapu hakuiona.

Kile kilemba chenye damu alikizika chini kabisa ya nguo chafu. Lakini nguo za nyumba ile alizifua mama yake, ambaye alikuwa msusi enzi zake na sasa hakuwa na kazi nyingine ya kuipa mikono yake. Kesho yake kilemba kilikuwa kwenye kamba, kimetakata. Mama hakuuliza. Kunyamaza ndiko walikokujua sana.

Wiki mbili zilipotimia akarudi kwa daktari.

"Uligusa?"

"Hata kidogo."

"Hata mara moja?"

"Daktari, hii ni kazi yangu. Miiko yake naijua."

Daktari akaridhika. Akamweleza kwamba kuanzia wiki ya tatu nywele zile zitaanguka, asishtuke, mizizi inabaki ndani. "Zitarudi," alisema.

Chapuchapu nusura acheke. Neno hilo alilijua ndani nje, kwa kuwa lilikuwa lake. Alilitumia kwa kila mteja aliyenyonyoka nywele kwa kukazwa, na hakuna hata mmoja ambaye zilimrudia.

Kweli zikaanguka. Kila asubuhi moja, mbili, tano, juu ya mto. Baada ya hapo hakukalika. Alining'iniza kioo ukutani, akashika kingine mkononi, akajipinda shingo mpaka ikateguka. Alijipiga picha za simu zilizoonyesha dari. Alikuwa anamwacha mteja nusu kichwa, anaingia chumba cha nyuma, anafungua kilemba, anatazama, anafunga, anarudi amesahau alikuwa anasuka mtindo gani. Usingizi ulimpaa, chakula hakikupita. Kutwa alijiuliza swali moja: ni zile nne tu, au aliharibu zote?

Mwalimu wa chekechea alipokuja tena, akauliza swali lake lile lile, Chapuchapu akajikuta ameshajibu.

"Hazitarudi, mwalimu."

"Unasema?"

"Nimekudanganya miaka mitatu. Mizizi imekufa kwa kukazwa, na mkazaji ni mimi."

Mwalimu alikuwa amesukwa upande mmoja. Alijitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akainuka, akachukua mkoba wake. "Mimi nilikuwa nakuamini," alisema, bila hata kupandisha sauti. Akatoka vivyo hivyo, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama. Chapuchapu alimtazama mpaka akapotea kwenye kona, na aibu aliyoisikia siku hiyo ilikuwa nzito kuliko kovu lenyewe.

Mwezi wa tano ulipoanza, kidole chake kilikutana na vitu vinavyochoma utosini. Vidogo, vikali, kama ndevu za jana. Alikaa kitandani na kioo mkononi. Kioo hakikumwonyesha vizuri. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni.

"Nikuangalizie?"

Tangu utoto mkono wa mama haukuwahi kufika kichwani kwake, na wote wawili walijua kwa nini.

"Angalia," alisema hatimaye. "Lakini usiguse."

Akakaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Mama akavaa miwani, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akainama na kuhesabu kwa sauti. Alihesabu mara mbili.

"Ishirini na saba."

"Labda nyingine zinakuja."

"Labda." Mama akainama tena. "Mstari wa tatu hauna hata moja. Huku zipo, na huku zipo, ila wa tatu ni mtupu, mbele mpaka nyuma."

"Kovu limekataa."

"Kovu halikatai kwa mstari, mwanangu. Hii kazi nimeifanya kabla yako. Hapo umepita mkia wa kitana."

"Sijajikuna!"

"Nilikifua kile kilemba."

Chapuchapu akageuka kumtazama. Mama alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, anaongea na dirisha.

"Siku ile ya utoto wako ulilia, ukaniambia dawa ya kulainisha nywele inakuwasha. Mimi niliiona saa ukutani. Muda wa kuiosha ulikuwa umepita. Lakini mteja niliyekuwa namsuka alikuwa ananisifu, anasema hajawahi kuona mkono kama wangu, na mimi nikataka amalize kunisifu. Nikakwambia vumilia. Halafu nikawaambia watu umejimwagia maji ya moto, nikakufundisha na wewe useme hivyo."

Chapuchapu alikumbuka kilio, alikumbuka harufu ya dawa, alikumbuka mpaka rangi ya beseni. Ile saa ndiyo hakuwa na habari nayo. Miaka yote alijiambia kwamba mama alisahau. Kumbe mama aliona.

"Mama, basi."

"Si basi. Daktari umemwambia ni maji ya moto. Umemwambia hujagusa. Akihesabu ishirini na saba atasema kovu lako ni jiwe, na litabaki hivyo mpaka kaburini. Na kosa si la kovu."

Hasira zilimpanda hadi akaona giza. Alitoka nje akatembea, akapita duka la dawa, akampita fundi viatu, akazunguka, akampita tena fundi viatu, ambaye safari hiyo alimuuliza kama amepotea. Siku tatu hakumsemesha mama yake. Alitaka kumchukia kabisa, lakini kila alipojaribu alikiona kile kisogo cha mwalimu kikienda, kimesukwa nusu.

Siku ya kuhesabiwa, mama alimfuata hospitali bila kualikwa, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Daktari akavaa lenzi yake ya kukuzia. Nesi akashika kalamu. Chapuchapu akainamisha kichwa.

"Ishirini na saba," daktari alisema. Akavua lenzi. "Pole, dada. Nilitumaini zitafika thelathini."

Nesi akaandika. Daktari akanyoosha mkono kulifunga faili.

Kumbuka huyu ndiye aliyemwambia daktari huyo huyo kwamba miiko anaijua. Kusema sasa ni kujivua nguo mbele ya watu. Lakini mficha uchi hazai, na faili lilikuwa linafungwa.

"Nilijikuna," alisema. "Kwa kitana. Siku ya sita. Ni mstari wa tatu wote. Nilikudanganya, daktari."

Mama akasimama.

"Na kovu si la maji ya moto," alisema. "Ni la dawa ya nywele. Niliiweka mimi, na niliiacha nikijua."

Kalamu ya nesi ilisimama. Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine, akarudisha lenzi usoni, akamwinamisha Chapuchapu kichwa. Alikaa pale muda mrefu, akipima, akinong'ona hesabu.

"Mstari wa tatu hauhesabiki, basi," alisema mwishowe. "Umeng'olewa, haukukataliwa. Tumebaki na nywele arobaini, ambazo kwa kipimo changu zilitosha kushika ishirini na nne, na ishirini na saba zimeshika." Akavua lenzi. "Limekubali. Kwa kovu la dawa, limekubali kuliko nilivyodhani. Mngeendelea kunidanganya dakika mbili zaidi ningekuandikia kwamba haiwezekani."

Chapuchapu alilia pale pale, bila kujizuia, kamasi na machozi. Nesi alimpa kitambaa na kumwandikia siku: Jumatatu, saa mbili asubuhi, aje kisogo kimeshanyolewa kwa mashine, nywele zibaki fupi kabisa.

Jumapili mchana alirudi nyumbani na mashine ya saluni. Vinyozi aliwajua kumi, na wote wangemnyoa kwa heshima. Aliichomeka mashine kwenye umeme, akamwekea mama yake mkononi, akakaa kwenye kigoda na kufungua kilemba.

Mama hakusogea.

"Mkono wangu unatetemeka."

"Nauona."

"Nikikuumiza?"

"Nitasema."

Mama akaushika utosi wa binti yake kwa mkono wa kushoto. Kiganja kilikuwa cha baridi, na kiliangukia kovu lenyewe, maana hapakuwa na pengine pa kushika. Kisha mashine ikawaka, ikapanda kutoka shingoni, nywele zikamwagika mabegani. Ikapanda mara ya pili. Mara ya tatu ikanasa unywele, ikauvuta.

"Mama, hapo pa..."

Hakumaliza. Mashine ilikuwa imeshazimwa. Mama alikuwa ameiinua juu mbali na kichwa, ameishika kwa mikono miwili, hapumui, anasubiri aambiwe.

"Imevuta kidogo tu," Chapuchapu alisema. "Washa, mama. Endelea."