Akidi Ilitimia

Jumamosi ya mnada, Letisia Bonaventura alikaa kwenye benchi ndani ya duka la simu la Raudha Shabani, mjini Katesh, akila mahindi ya kuchoma huku Raudha akimwekea roboti kwenye simu. Roboti yenyewe haikuwa na mikono wala miguu. Ilikuwa programu ya kutuma somo moja la uraia kila jioni kwenye kundi la WhatsApp la kijiji chao, kule mbele ya Getanuwas. Letisia alifundisha uraia sekondari, lakini hii haikuwa kazi ya mwajiri.

Malisho ya kijiji, pamoja na chemchemi yake, yalikuwa yamepewa mwekezaji. Muhtasari wa mkutano mkuu ulisema wananchi wameridhia. Kwenye orodha ya waliohudhuria, namba kumi na saba, palikuwa na jina na sahihi ya baba yake, Bonaventura Qamara, aliyezikwa miezi minane kabla ya mkutano huo. Mama yake, Fransiska, alibaki na ng'ombe saba wasio na pa kunywa. Letisia alitaka watu waijue sheria, waitishe mkutano mwingine na kuukataa ule muhtasari.

"Sasa isalimieje?" Raudha aliuliza. "Kundini kuna wazee, kuna vijana. Yenyewe haijui umri wa mtu."

"Iwaamkie wote. Kijana akiamkiwa atacheka tu. Mzee asipoamkiwa, hata somo hatasoma."

Basi kila jioni roboti ikawa inamwamkia kila mwanakundi kwa jina lake, kisha inatoa somo. Walio hai waliipokea kama wanavyopokea mambo mengi. Wawili waliweka kidole gumba, na mmoja akauliza bei ya mbolea.

Jioni ya nne, marehemu wakaitikia.

Hakuna aliyewahi kuwatoa kundini. Kumtoa mtu kwa kosa la kufa kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo roboti iliwaamkia na wao, na shikamoo ya mtu haiachwi ikaning'inia hewani. Bonaventura aliandika "Marahaba" saa kumi na mbili na nusu, ingawa simu yake ilikuwa kabatini kwa mkewe, betri imevimba. Kufika saa moja, walioitikia walikuwa thelathini na wanane.

Letisia alilia kwanza. Kisha akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Baba ameitikia kwenye kundi."

"Marahaba. Muulize kama miguu bado inamsumbua," Fransiska alisema.

Marehemu wakawa ndio wanafunzi. Walikuwa na nafasi, na hawakuwa na haraka ya kwenda kukamua. Walitaka kujua akidi ni watu wangapi, na mtu aliyesainiwa bila kuwepo afanye nini. Baba yake aliandika kwamba ile sahihi si yake, B yake ina mkia. Letisia aliona aibu kwa niaba ya walio hai. Hatimaye ni marehemu walioandika barua ya kuomba mkutano, na mtendaji wa kijiji, Patriki, akajibu kwa heshima zote kwamba ombi limekubaliwa, Alhamisi saa kumi.

Siku hiyo marehemu walishuka mteremko kutoka makaburini kwa miguu, kila mmoja na nguo aliyozikiwa. Bonaventura alivaa suti ya kijivu yenye udongo mabegani. Letisia alimpangusa. Fransiska alikuwa amemletea koti, maana upepo wa siku hiyo ulikuwa mkali, akamfunga vifungo mwenyewe. Viti havikutosha. Salamu zilichukua karibu nusu saa, kwa sababu Mzee Hhando, mwenye miaka sabini, hakujua kama amwamkie kaka yake aliyefariki akiwa na miaka sitini na sita. Wazee wakaamua kinachohesabiwa ni kuzaliwa, si kufa, naye akamwamkia.

"Karibuni sana," Patriki alisema. "Kama kawaida, tuanze kwa kusaini mahudhurio."

Bonaventura alikuwa wa kwanza mezani. Maisha yake yote hakuwahi kukaa kikaoni kabla ya kusaini. Letisia aliona daftari, akaona kalamu, akakumbuka ile namba kumi na saba.

"Baba, subiri kwanza."

"Utaratibu ni utaratibu, mwanangu," baba yake alisema, akaandika jina lake taratibu, B na mkia wake. Wenzake thelathini na saba wakafuata.

Patriki aliwahesabu, akafunga daftari, akasimama.

"Ajenda ya kwanza ni kuthibitisha muhtasari uliopita. Kuna malalamiko kwamba baadhi ya waliotajwa wasingeweza kuhudhuria kwa sababu walikuwa wamefariki. Leo sote tumeona kwamba kufariki hakumzuii mtu kuhudhuria. Akidi ilitimia. Muhtasari umethibitishwa. Mwenye la ziada asubiri mengineyo."

Mengineyo yalifikiwa giza likiingia, na mwenyekiti wa kijiji akafunga kikao kwa kukosa muda. Bonaventura alikuwa amenyoosha mkono. Aliendelea kuunyoosha hata viti vilipoanza kukusanywa. Letisia hakuweza kumtazama. Yeye ndiye aliyewaita.

Usiku huohuo aliizima roboti. Patriki alimsihi asiizime, maana akidi haijawahi kuwa rahisi namna ile, lakini hakuwa na haja ya kusihi. Marehemu walishaijua njia na waliendelea kuja kila wanaposikia kuna kikao.

Mwezi uliofuata mwekezaji aliyazungushia malisho seng'enge. Makaburi ya kijiji, yaliyokuwa pale mteremkoni, yalibaki ndani pamoja na majani yote. Mlinzi huwaruhusu marehemu kutoka kwa ajili ya vikao tu.

Siku hizi Fransiska huswaga ng'ombe mwendo wa saa mbili kwenda lambo la kijiji cha jirani, na jioni hurudi nao kandokando ya uzio. Bonaventura humsubiri upande wa ndani, koti limefungwa mpaka shingoni. Huulizana habari za miguu. Kisha Bonaventura huinama, hung'oa majani kwa mikono na kuyapitisha kati ya nyaya, konzi kwa konzi. Ng'ombe ni saba. Giza huingia kabla hajamaliza kumlisha wa pili.