Nani Kaipunguza Miti ya Mzee?

Kazini dada huyu walimwita Kifutio, na jina hilo hakupewa bure. Ukimpa picha ya ziwa yenye nguzo za umeme, chupa za plastiki na bwana mmoja anayejisaidia nyuma ya kichaka, baada ya saa moja anakurudishia ziwa, anga na ndege wawili, na yule bwana utaapa hakuwahi kuzaliwa. Karakana yao ilikuwa juu ya duka la matairi. Walichukua picha za misitu na mito, wakazigeuza kwa kompyuta zionekane zimechorwa kwa rangi ya mafuta, wakazichapa kwenye turubai na kuziuza kwa mahoteli na kliniki. Sharti la kwanza la kazi lilikuwa watu watoke. Mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino, alisema bosi wao, hana hamu ya kukodolewa macho na mtu asiyemjua.

Wengine pale walibonyeza kitufe kimoja, mashine ikawapikia uji. Kifutio hakuwa wa hivyo. Alishika kalamu ya kompyuta akapaka mwenyewe: anga kwa brashi pana, majani kwa brashi ndogo, magome akiyapandisha kutoka chini kwenda juu jinsi mti unavyokua. Turubai ikishakauka, aliipaka gundi isiyo na rangi kwa brashi ya kweli, ili mteja akipitisha kidole ahisi matuta. Alikuwa fundi, tumpe haki yake. Kasoro ilikuwa rohoni, na hilo tutaliona sasa hivi.

Baba yake alikuwa mpimaji wa miti. Miaka thelathini alikaa porini akiandika urefu wa kila mti mkubwa, na nyumbani alikuja kama mgeni, na mfuko wa nguo chafu mkononi. Sasa alikuwa amestaafu, na ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwingia. Jina la mtaa lilishamtoka, siku za wiki zilishamtoka. Daktari akashauri zitundikwe sebuleni picha kubwa za mahali alipopapenda, na kila asubuhi aulizwe hapa ni wapi na huyu ni nani.

"Si ndiyo kazi yako?" Mama Mdogo alimwambia Kifutio, akimpa flashi aliyoifunga kwenye leso. "Zimo zote humu. Tengeneza tisa, mwanangu, zienee ukuta mzima."

Mama Mdogo alikuwa mama yake wa kambo, na hilo neno "mwanangu" Kifutio alikuwa halipendi hata kidogo. Aliipokea flashi bila kusema asante.

Alipoifungua akamkuta yuleyule. Kila mti, na Mama Mdogo pembeni yake, kaegemea shina, mkono kiunoni. Ndivyo Mzee alivyopiga picha. Mti bila mtu haujulikani ukubwa wake, kwa hiyo alimsimamisha mpishi wa kambi, ndiye huyu Mama Mdogo, kwenye shina, akahesabu kwa macho ni wapishi wangapi kwenda juu. Huu kipimo tisa. Huu kipimo kumi na moja. Hata alipokuja kumwoa hakumwita kwa jina; alimwita Kipimo, na yule mama mtu mzima alicheka kila mara.

Lakini pembeni mwa kila picha kulikuwa na tarehe. Kifutio alizisoma zote, na nne kati yake zilikuwa za siku ambazo mama yake mzazi alikuwa hai, amelazwa wodini, anauliza kama Baba amefika. Baba alifika siku ya tatu baada ya mazishi. Na wiki ileile, huyu hapa, mkono kiunoni, anacheka na kamera.

Hakupiga kelele wala hakumpigia mtu simu. Alishika kalamu akaanza kufuta.

Alianzia miguuni. Alichukua majani ya jirani akayapanda palipokuwa na gauni, akachukua magome akaziba palipokuwa na uso. Hata kivuli alikifuta, maana kivuli ndicho kinachowaumbua mafundi wa kubahatisha. Akimaliza mti mmoja anahamia mwingine, na moyoni anasikia raha ambayo hakuwahi kuisikia tangu utotoni. Baba atamsahau huyu mwanamke, alijiambia, na nafasi ikishakuwa wazi atamkumbuka mama. Picha za harusi ya mama yake alikuwa nazo kabatini, zinasubiri zamu yake. Alipomaliza ya tisa akafuta na zote zilizokuwemo kwenye flashi, asije Mama Mdogo akazipeleka kwa fundi mwingine.

Siku ya kuzitundika, Mama Mdogo alizitazama moja baada ya nyingine, nyundo mkononi. Macho yake yalikuwa mazima.

"Mimi umeniweka wapi?"

"Kazini tunatoa watu, Mama Mdogo. Ndiyo utaratibu wetu. Mtu anaharibu rangi."

"Zote tisa?"

"Zote."

"Na flashi?"

"Imekufa. Virusi."

Mama Mdogo aligeuka akapigilia msumari. Mzee alikuwa anasikia, na yeye hakutaka kugombana mbele ya mgonjwa.

Mzee alivutiwa kiti, akavalishwa miwani. Alikaa, mikono magotini. Taratibu uso ukamkunjamana.

"Vichaka gani hivi?"

"Ni miti yako, Baba," alisema Kifutio. "Kule juu, ulikokuwa unapima."

"Miti yangu?" Mzee aliinuka, akapitisha kidole juu ya ile gundi, kutoka shinani mpaka kwenye matawi. "Miti yangu huwezi kuona kilele chake bila kushika kofia. Hivi navivuka kwa mguu mmoja. Nani kaipunguza miti yangu?"

Hilo Kifutio hakuliwaza. Fundi mzima, kivuli kakikumbuka, ukubwa kausahau. Kule kazini hakuna mteja aliyewahi kuuliza mti una urefu gani. Hoteli inauliza kama kijani chake kitaendana na makochi.

Mama Mdogo akaenda ukutani. Akasimama kando ya turubai kubwa kuliko zote, mkono kiunoni, vilevile kama zamani.

"Nitazame, Mzee wangu. Mimi Kipimo. Huu ulikuwa kumi na moja."

Mzee alimtazama, akautazama na mti, ambao kilele chake kilimfika Mama Mdogo begani. Akacheka kwa adabu, cheko la mtu anayeona ametaniwa na mgeni.

"Mama, wewe mrefu kuliko mti," alisema. "Hicho kipimo ni cha uongo."

Kifutio akacheka naye. Hakujizuia, na wala hakujaribu.

Tangu siku hiyo alipita kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, akavuta kigoda mbele ya baba yake. "Baba, kwenye picha hizi kuna nani?" Hakuna mtu, alijibu Mzee. "Huko porini ulikuwa na nani?" Na nani tena, peke yangu. "Vizuri sana, Baba." Dawa ya daktari aliinywesha kinyume, kijiko baada ya kijiko, na Mama Mdogo aliyasikia yote kutoka jikoni.

Asubuhi moja alimfuata Kifutio mpaka mlangoni.

"Najua una kinyongo na mimi, na una haki nacho. Mama yako nilimkosea. Lakini huyu mzee unambomoa, mwanangu. Usiku halali usingizi. Ananiuliza kama aliwahi kupima kitu chochote cha maana."

"Aliyebomoa nyumba ya watu anajulikana," alisema Kifutio, akavaa viatu vyake.

Wiki ya tano Mzee alimwita mkewe nesi, na hakuwa anatania. "Nesi," aliuliza, "leo unaniogesha wewe au mwenzako?" Mama Mdogo alisimama na beseni la maji ya moto. "Ni mimi, Mzee," alijibu. Akamwogesha, akamkausha, akamvalisha. Kisha akaenda kwenye ngazi za nyuma ya nyumba akalia, na Kifutio alipomsikia akaongeza sauti ya redio.

Jumapili iliyofuata akaja na picha ya harusi. Alikuwa ameisafisha, ameitia fremu mpya, na njiani aliipakata kama mtoto. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, huyu nani?"

Mzee aliishika kwa mikono miwili. "Bibi harusi."

"Wa nani?"

"Nitajuaje mimi? Mzuri, Mungu amweke."

"Na huyu aliyemshika mkono?"

"Kijana fulani. Suti ya kuazima, ona mikono ilivyompita."

"Ni wewe huyo, Baba. Na huyu ni mkeo. Ni mama yangu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Mimi sikuoa, mama. Ningeoa saa ngapi?"

"Ulioa! Mimi ni mwanao, Baba, mtoto wako wa pekee. Nitazame basi!" Alimshika magoti kwa nguvu, na machozi yakamtoka kabla hajajua kama yanakuja.

Mzee aliitoa mikono ya Kifutio mmoja mmoja, bila hasira.

"Usinitafutie maneno. Maisha yangu yote nimekaa porini peke yangu. Ushahidi si ule pale?" Akanyoosha fimbo ukutani, akaipitisha kutoka turubai ya kwanza hadi ya tisa. "Tazama mwenyewe. Unaona mtu?"

Kifutio aligeuka. Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula.

"Mwambie, Mama Mdogo. Nakuomba. Mwambie mimi ni nani."

Mama Mdogo alikuja, akaketi kwenye kigoda, akachota kijiko cha kwanza akakipuliza.

"Mimi nesi tu," alisema. "Mambo ya familia ya watu siyajui."

Mzee alifungua mdomo akapokea. Kifutio alibaki wima katikati ya sebule, fremu kaikumbatia, mgongo kaupa ukuta. Mzee alitafuna, akapinda shingo kushoto, akapinda shingo kulia, akatafuna tena.

"Wewe mama," alimwambia Kifutio, "hebu sogea pembeni. Unanizibia."