Maneno Aliyonipa Mama Placide

Serge alikuja Kasongo mwezi wa tatu, matope yakiwa yamemfika magotini, akaniomba nimsindikize Salamabila. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alidhani nimemsamehe. Kumbe nilikuwa nimemngoja miaka miwili, na wala sikuwa na haja ya kujivunga.

Filamu yetu ya machimbo ya dhahabu ya Salamabila tuliitengeneza wawili, bila kampuni wala bosi: yeye na kamera, mimi na yote yaliyobaki. Serge ni mtoto wa Kinshasa, Kiswahili chake ni cha kununulia sigara. Mimi Hidaya ni binti wa Kasongo, nyumba yetu iko nyuma ya msikiti, na nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mubangubangu, kabila la huko Salamabila. Kwa miaka minne nilienda Salamabila na kurudi kwa pikipiki. Nilitwanga mawe ya dhahabu na wanawake wa machimboni mpaka viganja vikatoka malengelenge, maana hakuna anayekupa jambo zito ukiwa umesimama tu na daftari. Wakanipa. Kisha Serge akachukua diski zote kwenda kuhariri Ulaya. Mwezi mmoja tu, dada, alisema.

Bango nililiona kwenye simu ya binamu yangu. Filamu ya Serge. Kwenye orodha ya walioitengeneza, jina langu nililikuta mwisho kabisa, chini ya madereva wa pikipiki, nimeandikwa mkalimani. Mkalimani! Siku hiyo nilivunja sahani mbili na sikuokota hata kipande.

Lakini kuna kitu alikisahau. Kabla ya kuhojiwa, kila mtu asiyejua kuandika alitoa ruhusa mbele ya kamera: anataja jina lake, anataja siku, kisha anamtaja mtu anayempa maneno yake. Desturi hiyo niliianzisha mimi, na Serge alikuwa akinung'unika kwamba ninamalizia betri. Sasa televisheni moja ya Ulaya ilikuwa inaitaka filamu, na wanasheria wake walikuwa wametafsiri ruhusa zote. Mama Placide, mmoja wa wanawake wale wa machimboni, ambaye bila yeye hakuna filamu, anasema waziwazi: "Mimi Anastasie, maneno yangu ninamupa Hidaya." Serge hakutajwa popote. Ilibidi mama huyo akubali upya, kwa karatasi.

"Bila wewe hatakubali," Serge aliniambia kwa Kifaransa, lugha tuliyozoea kuzungumza.

"Na jina langu?"

"Filamu imeshafungwa, dada, haiwezi kuguswa. Lakini wewe unajua, na mimi najua, kwamba ni yetu sote."

Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamwambia sawa, twende.

Tulikaa siku mbili kwenye barabara ya Kabambare. Pikipiki ya Serge iliteleza mara tatu, na kila mara nilimwomba dereva wangu asimame nimtazame vizuri. Alipoteza kiatu. Tulipopumzika alinionyesha picha zake akiwa jukwaani, ameshika tuzo ya kioo, nami nikamsifia suti. Roho ilikuwa inanichemka, lakini nilicheka naye kama shemeji.

Mama Placide alitupokea kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, akatuacha tule kwanza. Mwanawe Placide alifukiwa shimoni pamoja na mwenzake. Watu waliokuwa juu walisikia wakigonga mwamba toka asubuhi hadi alasiri. Mwenye shimo akaamuru shimo lijazwe udongo ili kazi iendelee pembeni, na baadaye akasema vijana wale walitoroka na dhahabu. Hakuna kaburi, hakuna faili. Kuna dakika arobaini tu za Mama Placide akieleza, akigonga goti lake kwa kidole jinsi mwanawe alivyokuwa anagonga. Alieleza mara moja, kwangu, na hajarudia tena kwa mtu yeyote.

Serge akatoa karatasi na wino wa kidole. Mama Placide hakuiangalia karatasi, aliniangalia mimi.

"Hii karatasi iko nasema nini?"

"Inasema maneno uliyonipa yanakuwa ya Serge."

"Na weye, mutoto yangu, unasema niweke kidole?"

Nilijua kilichokuwa mkononi mwangu. Nikisema ndiyo, watu maelfu watamsikia Placide akigonga, na Serge atapanda majukwaa mengine na suti yake. Nikisema hapana, televisheni haitaionyesha filamu na kila kitu kitaozea ndani ya diski, pamoja na miaka yangu minne. Nilishaamua tangu Kasongo. Njia nzima, siku mbili, sikuwahi kujiuliza mama huyu anataka nini.

"Usiweke, Mama Placide."

Akakunja kidole chake ndani ya kiganja.

"Amesema nini?" Serge akauliza.

"Amekataa."

Hapo ndipo alipopiga magoti kwenye udongo wa uani, mguu mmoja bila kiatu. Alisema ataifungua filamu. Alisema jina langu litatangulia lake, litakuwa peke yake nikitaka, yeye abaki mpiga picha tu. Machozi yalikuwa ya kweli, namjua. Nilimwacha aseme yote, nikiyaonja moja moja, kwa sababu hiyo ndiyo siku niliyokuwa nimeiota. Kisha nikamwambia apande pikipiki yake, dereva anamsubiri. Alipoondoka nilimpungia mkono nikitabasamu, roho yangu imesuuzika kabisa.

Mama Placide alikuwa ameanza kukusanya sahani. Akasimama.

"Sasa wale watu wa mbali hawatasikia namna Placide alikuwa nagonga?"

"Hapana, mama."

"Hata mwenye shimo hawatamujua?"

"Hawatamjua."

Akaziweka sahani chini tena, polepole.

"Basi maneno yangu nilikupatia juu ya nini?"

Tabasamu nililomuaga nalo Serge lilikuwa bado usoni mwangu, na mama huyu alikuwa analitazama.