Bwawa Lililosuguliwa

Usafi umeua viumbe wengi, ila haujawahi kushtakiwa. Mkwe hakulijua hilo. Alikuja kumsalimu mama wa mkewe, akaambiwa ametoka kwenda zahanati, na kwa kuwa mkwe mwema hakai bure ukweni, alijitafutia kazi. Uani aliliona bwawa la saruji: maji ya kijani, tope chini, utelezi kutani. Aliwahamishia samaki kwenye pipa, akayamwaga maji mtaroni, akasugua kuta mpaka zikang'aa, akafungulia bomba, kisha akawarudisha.

Hao walikuwa perege wazazi, ambao mama aliwanusuru wakati ukame ulipokausha mabwawa ya majirani. Wangekufa, hapangekuwa na mbegu nyingine ya kuanzia.

Mama alirudi adhuhuri, akasimama ukingoni. Samaki wote walikuwa juu, midomo wazi.

"Tazama, mama, wamekuja kukushukuru."

"Hawashukuru, baba. Wanakata roho."

Mkwe hagombezwi. Mama alimeza hasira, akaeleza kwa sauti ya msoma wasifu wa marehemu kwamba ule ukijani ulikuwa mimea midogo mno, iliyowalisha samaki na, ikipata jua, kuwapa hewa; kwamba topeni waliishi vijidudu waliomaliza kinyesi cha samaki; na kwamba dawa ya maji ya bomba, inayomlinda mtu tumbo, humchoma samaki mashavu anayopumulia. Kwa kifupi, mkwe alikuwa ameisugua nyumba yenyewe, akaitupa.

Mkwe alikimbia na ndoo kuchota maji ya kijani kwenye dimbwi la bata la fundi baiskeli, jirani yao. Fundi aliuliza kama ukweni siku hizi wageni hunyweshwa maji ya bata. Mkwe alikwenda na kurudi, shati la ugenini limelowa matope, huku mama akiwatoa samaki bwawani kwa mikono na kuwatia katika beseni la maji yale mabichi.

Walichelewa. Perege waligeuka matumbo juu mmoja baada ya mwingine, na mama akawapanga sakafuni. Alibaki mmoja, amelala ubavu, shavu likifunguka kwa nadra.

Mkwe alipiga magoti, akaliinamia beseni.

"Huyu atapona, mama?"

Mama aliyatazama maji, si yeye.

"Sogea, baba. Unaizibia mimea jua."

Akasogea. Jua likaingia ndani ya beseni, na shavu la samaki halikufunguka tena.