Njia ya Kwenda kwa Kaka Teruo

Fusae na mdogo wake Kinue walishuka kwenye treni ya sita ndani ya siku mbili, miguu imewavimba, wakajikuta peke yao katika stesheni isiyo na mhudumu. Walikuwa wametoka Okayama. Fusae alikuwa na miaka sabini na minne, Kinue sabini. Kaka yao mkubwa, Teruo, aligombana na baba yao miaka thelathini na minane iliyopita, akahamia huku Akita, kaskazini, kushona mikeka ya tatami. Tangu hapo walipata kadi yake kila mwaka mpya, basi. Mwaka huu haikuja kadi. Ilikuja barua kutoka makao ya wazee ya Iwanome: kumbukumbu zake zinapotea, ndugu wanaotaka kumwona wasikawie.

Ratiba ya basi ilikuwa imebandikwa ukutani. "La kwanza limeondoka saa tatu," Kinue alisoma. "La pili saa kumi na moja. Na barua inasema makao wanafunga mlango kwa wageni saa kumi."

"Nilikwambia tuulize jana."

"Uliuliza, dada. Ulimuuliza mtu aliyesinzia."

Nje, mwanamke mmoja alikuwa akiosha figili kwenye mfereji. Fusae akainama. "Samahani mama, Iwanome ni wapi?"

Mwanamke akajibu kwa lafudhi ya kaskazini, nusu ya maneno yakibaki kooni. Walichoambulia ni "pale tu" na mkono ulioelekea mlimani.

"Kwa mguu ni muda gani?"

"Si muda."

Wakatembea saa nzima. Kulikuwa na mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa pande zote mbili, na barabara haikuwa na kona hata moja ya kumpa mtu matumaini. Kinue akaketi juu ya jiwe, akavua kiatu.

"Pale tu ya watu wa huku sijui wanaipima kwa kamba gani," alisema. "Mimi siendi tena. Kaka naye alituacha, hakuuliza tuko wapi."

Fusae akaketi kando yake. Hakuwa na pumzi ya kubishana. Alimega kipande cha donge la wali walilobaki nalo, akampa, wakala.

Gari dogo la mizigo likasimama kando yao. Dereva, mzee aliyejitaja kuwa Narita, akatoa kichwa dirishani. "Mnakwenda kwa nani?"

"Kwa Teruo Kuwabara, makao ya Iwanome."

"Fundi mikeka? Mikeka ya nyumba yangu yote ni kazi yake. Nyinyi ni nani wake?"

"Wadogo zake," alisema Fusae.

Mzee akawafungulia mlango. "Miaka yote hiyo tulijua hana mtu. Haya, pandeni."

Walifika saa kumi na dakika kumi. Muuguzi akaitazama saa, akaitazama miguu yao, akawafungulia.

Teruo alikuwa ameketi karibu na dirisha, amekonda, nywele zimebaki chache. Aliwainamia kama anavyoinamiwa mgeni.

"Poleni na safari. Mnatafuta mahali gani?"

Kinue akafungua mdomo, Fusae akamshika mkono. "Tunatafuta nyumba ya akina Kuwabara," alisema taratibu. "Okayama."

"Ah, hiyo naijua." Uso wake ukachangamka. "Mkishuka stesheni, fuateni mto. Msivuke daraja la kwanza, vukeni la pili. Mtaona duka la mchuzi wa soya, harufu yake itawaambia. Nyumba ni ya tatu, mbele ina mti wa matunda ya persimoni."

Nyumba ile ilibomolewa zamani. Siku hizi ni uwanja wa kuegesha magari. Fusae aliitikia kila alichosema, kama mtu anayeogopa kupotea.

"Tukifika, tumuulize nani?" aliuliza Kinue.

"Kuna wasichana wawili. Mkubwa ni mpole. Mdogo ana maneno makali, msimjali, moyo wake mzuri." Akawasogelea. "Mkiwaona, waambieni nawasalimu. Waambieni nitakuja, nikimaliza kazi."

"Tutawaambia," alisema Kinue.

Muuguzi akaleta chai. Kinue akasogeza kiti chake karibu na cha kaka yake, akamwomba amweleze njia upya, kuanzia stesheni.