Pamba Ndani ya Bomba

Mama Pacha alilelewa katikati ya mabomba. Baba yake alikuwa fundi bomba, na kabla hajajua kusoma alikwishajua kukata bomba la plastiki likakatika sawasawa. Alipoolewa na fundi redio, watu walitania kwamba nyumba hiyo itavuja maji na kupiga kelele kwa pamoja. Wakazaa mabinti pacha, na pacha walipoanza shule, wazazi wao wakaanza kutengeneza spika.

Zilikuwa spika za watu wasio na uwezo mkubwa: kipande cha bomba la maji machafu la inchi nne, kimo cha kiunoni, kimesimamishwa juu ya ubao, juu yake kiwiko cha bomba hilohilo, na mdomoni mwa kiwiko spika ndogo iliyong'olewa kwenye televisheni mbovu. Mama Pacha alikata, akapiga msasa, akagandisha kwa gundi. Kazi ya Baba Pacha ilikuwa sikio. Alitia ndani ya bomba pamba ya mito ya zamani, akaiongeza, akaipunguza, huku akimsikiliza mama mmoja aliyesoma habari za mchana redioni. Alisema sauti ya mtu ikitoka kama mtu, ngoma na magitaa yatajitafutia njia. Alifumba macho akifanya hivyo, na mkewe alipenda kumtazama.

Miaka ikapita, pacha wakaolewa. Ndipo kinyozi wa mtaa wa pili akarudisha spika zake, akilalamika kwamba zinasikika kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Baba Pacha akaziunganisha, akasikiliza, akasema ziko salama. Labda masikio ya kinyozi yamejaa nywele za wateja. Wakacheka wote watatu. Lakini Mama Pacha alikuwa amelisikia hilo pipa.

Tangu siku hiyo akaanza kuona yale aliyokuwa akiyapita. Redio ya sebuleni ilikuwa imepandishwa kidogo kidogo hadi majirani wakaizoea. Akimwita mumewe kwa nyuma, haitiki. Akimkabili, anajibu, macho yakiwa midomoni mwake. Mwalimu wa chekechea naye akarudisha zake. Mama Pacha akachagua njia aliyoiona nyepesi: mumewe akienda kutafuta televisheni mbovu, yeye alifungua spika zilizokwisha kutengenezwa, akaipanga pamba upya hadi sauti ikaacha kusikika kama ya ndani ya pipa. Mwanzoni alikosea sana. Mwezi wa pili mkono ukazoea, na wateja wakaacha kurudi.

"Unaona?" Baba Pacha alimwambia wakila, uso umemkunjuka. "Walikuwa wanatuonea tu."

Mkewe akamega tonge jingine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi moja waya ulichomoka ndani ya spika iliyokuwa tayari kupelekwa, Baba Pacha akaifungua mwenyewe. Mkewe alimkuta sakafuni, pamba mapajani. Baba Pacha huikunja kama shuka. Hii ilisokomezwa mabonge mabonge.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kinyozi."

"Zote?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Ukaniacha nijisifu." Hakupandisha sauti. "Najua sisikii kama zamani. Lakini kazi bado naiweza. Yule mama wa habari namsikia vizuri kabisa."

Mama Pacha akaketi chini, akamkabili ili asikose neno.

"Baba Pacha, yule mama aliacha kazi mwaka jana. Siku hizi anasoma mwanamume."

Baba Pacha akaanza kuokota pamba, bonge moja moja, akiirudisha ndani ya mfuko wake.

Daktari wa masikio aliwaeleza kwa upole kwamba mishipa ya kusikia ilikuwa imekufa sehemu kubwa na haitafufuka. Wakapewa kifaa cha kuvaa. Kilimletea kelele za sahani na milango, maneno kikayaacha hukohuko. Baada ya wiki mbili akakiweka kabatini.

Oda zilikuwepo, kwa hiyo kazi haikusimama. Baba Pacha aliomba msumeno. Mkewe akampa, yeye mwenyewe akabaki na redio na pamba. Bomba la kwanza alilokata lilikwenda upande. Mama Pacha alilishika, akasita, akakumbuka alikofikishwa na kuficha.

"Hili limepinda," alimwambia.

Baba Pacha akaliweka kando, akakata jingine.

Pacha walikuja kuwasalimu na watoto wao, sebule ikajaa. Walizungumza kwa kupokezana kama walivyozoea tangu utoto, huyu akimalizia sentensi ya mwenzake. Wakicheka, baba yao naye alicheka, amechelewa kidogo. Hatimaye akainuka, akaenda karakana. Mama Pacha akamfuata, akamkuta amekaa juu ya gogo la kukatia.

"Walikuwa wanacheka nini?"

Akamsimulia, pole pole, akiichezesha midomo waziwazi: mjukuu mdogo alikwenda dukani na kiatu kimoja, mwenye duka akamuuliza kingine kiko wapi, naye akajibu kwamba kimelala. Kwa mwendo huo wa neno moja moja, kichekesho chote kilikwisha nguvu.

Baba Pacha akatikisa kichwa, akatabasamu kwa ajili yake.

"Rudi ukakae nao," alisema. "Utanisimulia wakishaondoka."